Hati imesainiwa, kazi haisogei: kaulize kasma (fungu la bajeti) kwanza

Mkuu, nimekusoma: mashirika manne, hati ya makubaliano ilisainiwa kwa picha na keki, mwaka umekatika, na kila kikao anakuja mtu mpya "kwa niaba ya". Pole. Nimepita humo humo.

Nilikuwa mratibu wa mradi wa mtaro wa mvua, kwenye bonde dogo linalomwaga maji Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Tulikuwa sisi shirika, mkandarasi, mshauri msimamizi, serikali ya mtaa na taasisi moja ya umma ambayo siitaji. Kuchimba hakukutushinda. Kilichotukwamisha ni miundombinu ya hiyo taasisi iliyopita chini pale pale, ya kusogezwa mita chache tu.

Kikao cha Septemba wakasema "hakuna shida". Tukaandika kwenye muhtasari, tukanywa chai. Oktoba kimya, Novemba kimya. Nikaanza kuandika barua kali, nakala kwa wakubwa wao. Hapo nilikosea sana, maana tangu siku ile hata simu zangu hawakupokea. Januari ndipo dada mmoja wa uhasibu wao akanivuta pembeni: "Kaka, mnatuonea. Hiyo kazi haina kasma mwaka huu." Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, wa mfadhili wetu ulianza Januari. Kumbe walikubali kwa moyo mweupe, ila hela haikuwemo, na nani atasimama mbele ya mfadhili aseme hana hela? Masika yakatukuta na shimo wazi, watoto wanaruka juu ya mbao kwenda shule.

Tulijinasua kwa kumwomba mfadhili gharama ile iingie kwenye mkataba wa mkandarasi. Taasisi ikabaki kusimamia mafundi na kupokea kazi. Barua moja, tena fupi.

Siku hizi mtu akiniambia "tuko pamoja", namuuliza kasma ipo, nani anasaini, na akiwa likizo anasaini nani. Nauliza ofisini kwake kabla ya kikao, maana mbele za watu hakuna anayekataa.

Kuhusu sura mpya kila kikao: angalia karatasi ya posho. Ofisi nyingine zinapokezana ili kila mtu aonje. Sisi tuliomba barua yenye jina la mhusika na msaidizi wake, basi, sura zikatulia.

Lingine ni michoro. Kila taasisi ilikuja na wake, na kila mmoja ukaonyesha mtaro unapita kwingine. Tulibishana wiki mbili hadi tukachukua ramani za Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 ukatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa inayofurika. Zipo wazi OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya mtandaoni. Hazikuwa sahihi kuliko zote, ila hazikuwa za yeyote kati yetu, kwa hiyo hakuna aliyeona ameshindwa. Tukatembea nazo na mjumbe na mama mmoja muuza vitumbua, aliyetuonyesha ukutani maji yalipofika. Mshauri wetu akafuta mstari wake mwenyewe.

Kwa hiyo mkuu, usiitishe kikao kingine kwanza. Nenda uhasibu kwao. Kama kasma haipo, niandikie. Ile barua ninayo bado, nikifuta majina nakutumia.