Uliza Ujibiwe: Ugonjwa kwenye nchi ya kubuni unaanzia wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi naandika hadithi ya kufikirika, nchi yake nimeitunga mwenyewe, ina wafalme, ina majini wa mtoni, ina milima inayoongea. Nataka uingie ugonjwa unaoua watoto lakini kila nikiandika naona ni malaria tu nimeibadilisha jina, nikisema ni uchawi basi anakuja mganga anatamka neno moja mtoto anapona, stori imeisha. Nifanyeje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelipenda sana mana hadithi nyingi za aina hii ninazosoma ugonjwa unashuka tu kama mvua, watu wanakufa, shujaa anaenda kuleta mzizi toka mlima wa mbali, basi. Hakuna hata mtu mmoja kijijini anayeuliza hiki kitu kimetoka wapi na nani kakileta, wakati kwenye nyumba yoyote yenye mgonjwa hilo ndo swali la kwanza kabla hata maji hayajabandikwa jikoni.

Wewe amua mambo mawili na usiyachanganye. Ugonjwa wenyewe ni nini kwenye dunia yako, hilo ulijue wewe, na msomaji unaweza usimwambie kabisa. Halafu watu wako wanaamini ni nini, na hapa ndo ukae muda mrefu.

Tuanzie nyumbani, degedege. Huku pwani, Bagamoyo na kwingine, wengi wameikuta imani kwamba inaletwa na dege, yani shetani mwenye umbo la ndege mkubwa, kivuli chake kikimpitia mtoto basi mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu, mdomo povu. Hospitali watakwambia mara nyingi ni malaria kali au homa imepanda sana. Ila mweke yule mama mbele yako umtazame, mtoto jana alikuwa na homa ya kawaida kama watoto wote, leo ghafla anatupa mikono kama kitu kinachotaka kuruka, sasa akiambiwa ni ndege anakataaje? Maelezo yanafanana na anachokiona kwa macho yake. Na yakishakubalika yanaamua kila kitu, nani aitwe, mtoto afukizwe nini (mavi ya tembo yalitumika sana), na kubwa kuliko yote asichomwe sindano mana sindano itamuua. Basi anacheleweshwa siku mbili tatu, anafikishwa hospitali kashazidiwa, anachomwa, anafariki, na kijiji kizima kinasema si tuliwaambia. Unaona imani inavyojilinda yenyewe hapo? Hakuna mjinga kwenye hiyo stori, kila mtu anampenda yule mtoto, na ndo mana inauma. Ukiweza kuandika sura moja ya namna hiyo kwenye nchi yako ya majini utakuwa umemaliza kazi.

Kitu kingine, imani isiyo sahihi isiwe inakosea kila mahali. Wataliano waliita ugonjwa mal aria, hewa mbaya, waliamini harufu ya kinamasi ndo inaua, na kwa karne nyingi waliokimbilia vilimani kweli waliugua kidogo na waliokausha vinamasi kweli walisalimika, kumbe ni mbu wamekosa pa kuzalia, na kwamba mbu ndo anabeba malaria ilikuja kuonyeshwa na daktari Ronald Ross huko India mwaka 1897 alipoona vimelea ndani ya tumbo la mbu. Sababu siyo, dawa ndiyo. Lakini imani hiyohiyo ya harufu London iliwaponza, mwaka 1854 kipindupindu kimepiga mtaa wa Broad, daktari John Snow anaonyesha wagonjwa wengi wamechota maji pampu moja, mpini wa pampu ukatolewa, na bado wakubwa wa afya waliendelea kushikilia hewa chafu. Kwa hiyo na wewe mpe tabibu wa mfalme nadharia inayofanya kazi milimani halafu imshinde mtoni, hapo watu wataanza kugombana bila wewe kulazimisha ugomvi.

Jina pia, usiokote herufi ngumu ngumu ukaziunga. Chikungunya ni neno la Kimakonde, linasema habari ya mtu kupindika kwa maumivu ya viungo, ugonjwa ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika 1952. Dengue sisi tunaiita kidingapopo, jina la zamani la pwani hii, na wapo wanaosema ndani yake kuna pepo anayembana mtu. Majina haya yametoka kwa aliyelala kitandani na aliyekaa pembeni yake. Wewe jiulize mgonjwa wako anakaaje, anatembeaje, analia vipi, jina litakuja.

SWALI: Dada na mimi hapohapo, kama dunia yangu ina waponyaji wa kweli kabisa wenye nguvu za ajabu, ugonjwa utatishaje? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Wape mpaka. Mponyaji anafunga jeraha lakini kilichoingia kwenye damu hakioni, au anaponya watu watatu kwa siku na nje kuna foleni ya mia, na wa kwanza kwenye foleni siku zote ni mtoto wa tajiri. Mi ningeandika hiyo foleni. Ningemweka pale mama aliyefika usiku wa manane akawa wa nne.