Wanafuata kila dau, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nacheza mashindano ya poka ya kiingilio kidogo. Juzi, madau ya lazima yakiwa 50 na 100, nilipata ree mbili nikapandisha hadi 250. Wakafuata wanne, akiwemo wa dau la 100. Wa 50 akatupa. Karata tatu zikafunguliwa mezani, mbili za kopa. Nikaweka 300, mmoja tu akafuata. Ya nne ikawa kopa, chipu zangu zote zikaishia hapo. Alikuwa na kopa 9 na 4, pamoja na za mezani kopa tano, zikashinda ree zangu! Siku hizi nawazuga, yaani naweka dau bila karata nzuri ili watupe, lakini hata mwenye jozi ya 3 hatupi. Watu wasiojua kucheza wanashindwaje?

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo wa kopa, maana umemwonea. Rundo, yaani chipu zote zilizokwisha kuwekwa, lilikuwa na 1,300. Ulipoweka 300 ulimtaka alipe 300 agombee 1,600. Kwa bei hiyo akishinda mara 16 tu katika 100 hali hasara. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 47 asizoziona, yaani mara 19 katika 100. Alifuata kwa haki kabisa. Ungeweka 900 angehitaji mara 29. Pengine angefuata vilevile, ndivyo walivyo, ila hapo kosa lingekuwa lake na faida yako, hata kama siku hiyo kopa ingetokea.

Kosa jingine lilitangulia. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne, takriban 56. Kwenye meza inayofuata kila kitu, 250 ni mwaliko. Pandisha hadi 400 au 500, na uongeze 100 kwa kila aliyekwisha kuingia kabla yako. Usiogope kwamba watakimbia. Mwenye 9 na 4 za kopa hakimbii.

Kuzuga acha, na ninasema hivi kwa uchungu. Nilipoanza niliweka daftari la michezo yangu, na kurasa zilizoniumiza zaidi ni zile nilizoandika “nilidhani atatupa”. Ukizuga kwa nusu ya rundo, lazima watupe walau mara moja katika tatu ndipo usipate hasara. Umeniambia mwenyewe hawatupi.

Chipu zao zipate kwa karata nzuri za kawaida. Una ree na mfalme, ree imefunguka mezani: weka dau la maana kwenye karata tatu, weka tena kwenye ya nne, na mara nyingi hata kwenye ya tano. Mwenye jozi ya 10 atakulipa mara zote. Lakini yule mtulivu ambaye usiku kucha anafuata tu, akipandisha ghafla kwenye karata ya tano, mwamini. Tupa jozi yako, hata ikiwa ya ree.

Chipu zikibaki za kutosha madau makubwa ya lazima (kama lile la 100) 10 hivi, wengi huweka zote wakiwa na karata za wastani, wakitegemea wenzao watatupa. Kwenye meza yako tegemeo hilo halipo. Malkia na 8 zitupe. Jozi ya 9, au ree na malkia, weka zote bila kusita.