Ningeanza na sakafu ya bafu

Mmeuliza wiki hii: ukipewa nafasi ya kujenga nyumba yako upya, ungebadilisha nini? Sebule nisingeigusa, wala paa. Ningeanza na bafu, tena kabla jamvi, yaani zege la sakafu, halijamwagwa.

Tulijenga Kibaha mwaka 2014 kwa fedha za kudunduliza. Bafu tuliliacha mwisho, hela ikiwa imeshakatika. Marumaru za sebuleni, zile nyeupe za kung'aa, zilibaki boksi nne, tukasema zitatosha huko. Fundi akazipanga zikapendeza. Siku ya kwanza ya kuoga ndipo tulipogundua kwamba maji hayalifuati tundu. Yalituama kwenye kona chini ya dirisha, mengine yakachuruzika hadi mlangoni. Miaka minne kila aliyeoga alimalizia kwa kusukuma maji na fagio.

Mwaka 2018 mama yangu alipata kiharusi, tukamleta kwetu. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa na upana wa sentimita 65. Mlango wa bafu ulikuwa sentimita 60. Kwa mwezi mzima mama aliogea uani, mimi na dada tukimzungushia khanga. Mama yangu, mtu ambaye sijawahi kumwona akitoka chumbani bila kujifunga vizuri! Lile lilinichoma kuliko ugonjwa wenyewe.

Tukavunja. Safari hii tulimpata fundi mtu mzima, mpole, asiye na haraka. Alifunga nyuzi kutoka kila ukuta hadi kwenye tundu, akashusha sakafu sentimita 2 kwa kila mita, akihakiki kwa pima maji kila hatua. Saruji ilipokauka akamwaga maji kidogo, akaweka kizibo cha plastiki pale kwenye ile kona yetu ya zamani. Kikaelea taratibu, kikazunguka kidogo, kikaenda kusimama juu ya tundu. Baadaye akaliziba tundu kwa tambara na nailoni, akajaza maji, akachora mstari wa penseli ukutani, akatuambia tusiguse hadi kesho yake. Asubuhi maji yalikuwa palepale kwenye mstari. Hapo ndipo alipokubali kuweka marumaru, na alichagua ndogo zenye uso wa kukwaruza. Kubwa hazikubali kuufuata mteremko, na zile za kung'aa zikipata povu la sabuni zinateleza vibaya sana. Naomba mtu yeyote mwenye mzazi nyumbani asiziweke bafuni.

Mlango tuliupanua hadi sentimita 90, tukaondoa kizingiti. Kuhusu bomba la kujishikia, wengine walituletea vipimo vya kwenye vitabu. Sisi tulimwomba mama akae, anyooshe mkono wake wenye nguvu, fundi akaweka alama pale ulipofika.

Shawa sikununua, ingawa dukani walinisihi. Tangi letu limekaa juu kidogo tu, na maji yanahitaji kushuka kama mita 10 ili yapate msukumo wa bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo). Kwa kimo chetu yangedondoka matone tu. Badala yake tuliweka bomba la chini na nafasi pana ya ndoo, mtu aweze kukaa na kopo lake akaoga kwa raha. Pia mkisafiri muda mrefu, mkirudi mwageni maji kwenye tundu la sakafu. Ile kona ya bomba iliyo chini yake hubaki na maji yanayozuia harufu ya shimo, na yakikauka harufu hupanda.

Jioni ya kwanza tulimsaidia mama kukaa kwenye kiti chake cha kuogea, tukamsogezea ndoo. Akatuambia tutoke, turudishe mlango. Tulisimama koridoni, dada na mimi, tukisikiliza kopo likigonga ndoo.