Kabla hujaihesabu ruzuku ya malezi

Mtoto wangu alipofikisha miezi tisa, likizo ya uzazi ikawa imekwisha na ikabidi nitafute kituo cha kulelea watoto. Nilikuwa nimeshasikia kwamba serikali huchangia ada. Usiku mmoja nikachukua daftari, nikaandika ada ya mwezi, nikatoa ruzuku, kilichobaki nikakipigia mstari. Nilikimudu. Asubuhi nikathibitisha kazini kwamba narudi.

Ankara ya kwanza ilikaribia mara mbili ya kile nilichopigia mstari. Palikuwa na chakula, nepi, saa za jioni, na chini kabisa wiki mbili za likizo za shule ambazo ruzuku haikuzigusa. Hakuna aliyenidanganya. Yote yalikuwamo kwenye mkataba niliousaini huku mtoto akinilialia begani.

Kwa hiyo usiishie kuuliza serikali inachangia kiasi gani. Uliza inalipia saa zipi, na kwa wiki ngapi za mwaka. Uingereza ni mfano mzuri: kule England, saa zinazolipiwa na serikali huhesabiwa kwa wiki 38, ilhali mwaka una wiki 52. Ukizitandaza mwaka mzima, saa 30 kwa wiki zinabaki kama 22. Mzazi anayekwenda kazini mwezi hadi mwezi lazima alijue hilo kabla hajasaini chochote.

Jambo la pili ni njia inayopitia pesa. Kuna ruzuku anayopewa mzazi, na kuna inayokwenda moja kwa moja kituoni kwa sharti kwamba ada isizidi kiwango fulani. Hiyo ya kwanza, pasipo ukomo wa ada, kituo kinaweza kupandisha bei na sehemu ya msaada wako ikaishia humo humo. Jimbo la Quebec, Kanada, lilichagua njia ya pili mwaka 1997: mzazi akawa analipa dola 5 kwa siku, kilichobaki kikalipwa na serikali. Wazazi wakajitokeza kwa wingi kuliko nafasi zilizokuwapo, foleni zikarefuka. Kwa hiyo penye ada nafuu, jiandikishe mapema, hata kabla mtoto hajazaliwa kama wanaruhusu.

Nilikuwa naona vituo vinatukamua, mpaka asubuhi moja niliporuhusiwa kukaa chumba cha wachanga. Mlezi alikuwa na mmoja mapajani akinyonya chupa, wa pili akimtikisa kwa mguu kwenye kiti cha bembea, wa tatu ndiyo kwanza kachafua nepi. Kazi hii haina mashine ya kuiharakisha. England huruhusu mlezi mmoja kwa watoto watatu tu walio chini ya miaka miwili, maana yake mshahara wake unabebwa na familia tatu. Serikali isipoweka mkono, ama wazazi wanaelemewa ama mlezi analipwa kiduchu. Mara nyingi ni yote mawili.

Na mlezi anayelipwa kiduchu huondoka. Yule aliyezoewa na mwanangu aliondoka bila hata kuaga, na kwa mwezi mzima mtoto alikuwa akiling'ang'ania koti langu mlangoni. Siku hizi nikifika kituo chochote nauliza kwanza: walezi wenu wana muda gani hapa? Jibu lake linanionyesha ruzuku inafika wapi.

Chunga pia kiwango cha kipato. Katika mipango mingi, mshahara ukivuka kiasi fulani msaada unapungua au unakatika kabisa. Kabla hujakubali saa za ziada kazini, piga hesabu ya pande zote mbili.

Ipo hesabu moja nyumbani ambayo inaniuma. Ada ikipanda, watu huitoa kwenye mshahara wa mama peke yake, halafu wanasema bora aache kazi. Mtoto ni wa wote wawili. Mimi na mwenzangu tuliitoa kwenye jumla ya mishahara yetu, tukahesabu pia pensheni na ngazi za cheo ambazo ningezipoteza kwa kukaa nyumbani miaka mitatu. Ada ilibaki kubwa, lakini hakuna tena aliyetaja suala la mimi kuacha kazi.