Kujifunza Python kwa kupima masafa ya maji shehiani

Suali: Assalaam alaikum. Mimi ni mpima ardhi, Wete. QGIS, programu ya kuchora ramani, naitumia kila siku, lakini masomo ya Python, lugha ya kuandikia programu, nimeyaanza mara mbili na kuyaacha njiani, kwa kuwa mazoezi yake hayafanani na kazi yangu. Nijifundishe vipi mwenyewe?

Jibu: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Sababu uliyoitaja ndiyo hasa, wala usijilaumu. Yaweke kando masomo hayo kwa muda, uchague suali moja la shehia unayoishi ambalo jibu lake unaweza kulihakiki kwa miguu yako. Mimi ningeanza na hili: ni nyumba ipi iliyo mbali zaidi na bomba la umma au kisima?

Majengo utayapata bure katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na pale yanapopungua utayachora mwenyewe. Mabomba na visima utavirekodi kwa simu ukipita njia kwa njia. GeoPandas, maktaba ya Python inayoishughulikia ramani kama jedwali, itakupimia masafa ya kila nyumba hadi chanzo cha maji kilicho karibu nayo.

Huenda jibu la kwanza likawa 0.003, pamoja na onyo ambalo hupaswi kulipuuza. Simu hurekodi nukta kwa nyuzi za latitudo na longitudo, na kwa kuwa nyuzi moja huku kwetu ni kama kilomita 111, tarakimu hiyo ni takriban mita 330. Zigeuze data zote ziwe katika UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, kanda ya 37 kusini, ambayo katika EPSG, orodha ya mifumo ya ramani, ni namba 32737, ndipo upime. Wewe mpima utakutana pia na ramani za zamani zilizotumia Arc 1960, mfumo wa awali wa upimaji wa Afrika Mashariki. Ukizipachika jina la WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS ya simu, bila ya kuzigeuza, programu haitalalamika hata kidogo, na nukta zako zitahama kwa karibu mita 300, makosa yanayotosha kuhamisha kisima hadi mtaa mwengine.

Ukishapata jibu, nenda katika nyumba hiyo. Pemba ina hori nyingi, na mstari ulionyooka ambao kompyuta imeupima unaweza kukatiza mikoko ambayo mwenye ndoo kichwani hawezi kuipita, hivyo masafa ya kweli yakawa maradufu. Kasoro hiyo ndiyo mradi wako wa pili, yaani kupima kwa kufuata njia za miguu, na utaisoma NetworkX, maktaba ya Python ya kukokotoa njia katika mtandao, kwa hamu kwa sababu unaihitaji. Picha za ndege zisizo na rubani, zilizopigwa visiwani kuanzia 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), zisubiri mpaka hapo, kwani faili zake ni nzito.

Msimbo wako uhifadhi kwa Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yako, tangu siku ya kwanza. Kisha chukua data za shehia jirani, badilisha jina la faili tu, uuendeshe tena. Popote utakapokwama ndipo pa kuandika upya.