Je, kutoa vitu vya nyumbani wakati wa Kwaresima ni sadaka au ni kupunguza mizigo tu?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Kwaresima hii nimeamua kutoa kitu kimoja kila siku kwa siku arobaini badala ya kufunga chakula, maana nikifunga kichwa huniuma na hasira hunipanda. Leo ni siku ya kumi na saba. Gunia la kwanza limejaa na la pili linakaribia, nyumba imepata nafasi, nami najisikia mwepesi kweli. Lakini mume wangu amekasirika kwa kuwa nilitia guniani koti lake ambalo huu ni mwaka wa tatu halivai. Je, ninachofanya ni sadaka inayokubalika? Je, kinaweza kuchukua nafasi ya kufunga? Pia nina shali ya marehemu mama yangu ambayo kila siku naichukua nikitaka kuitoa, kisha naikunja na kuirudisha kabatini. Je, huko si kushikamana na mali?

JIBU: Milele, amina. Mpendwa dada katika Kristo, sitayajibu maswali yako kwa mpangilio ulioyaandika, kwa sababu lile la koti halina budi kushughulikiwa kabla gunia halijaondoka nyumbani.

Lirudishe koti. Sadaka hutolewa katika kile kilicho cha mtoaji, na koti la mwenzako, hata likining'inia miaka mitatu bila kuvaliwa, bado ni la mwenzako. Yeye ndiye mwenye haki ya kulitoa, na ungalimwomba alitoe kwa mkono wake mwenyewe, huenda mngekuwa na sadaka ya watu wawili badala ya ugomvi wa watu wawili. Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo aliyefariki mwaka 430, alimwandikia barua mwanamke aliyeitwa Ecdicia, ambaye alikuwa amewapa watawa wawili wapita njia karibu mali yote aliyokuwa nayo bila kumshirikisha mume wake, ilhali walikuwa na mtoto wa kiume wa kulea. Mume alighadhibika, akaiacha nadhiri ya kujizuia na tendo la ndoa ambayo wote wawili walikuwa wakiishika, akaanguka katika uzinzi. Anayesoma barua ile akitarajia sifa kwa mama mkarimu hushangaa, kwa maana Augustino anamkemea waziwazi kwamba ilimpasa kushauriana na mume wake kwanza. Sisemi kwamba nyumba yako imefika huko. Nasema tu kwamba vitu mnavyomiliki pamoja vinahitaji neno la wote wawili, isipokuwa ile sadaka ndogo ya kawaida ambayo kila mmoja wenu anajua kuwa mwenzake hana kinyongo nayo.

Swali la kufunga lina jibu fupi. Sheria ya Kanisa huwadai waamini kufunga chakula siku mbili tu katika mwaka mzima, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kuanzia umri wa miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60, pamoja na kujinyima nyama siku za Ijumaa kuanzia umri wa miaka 14. Kanuni ya 1253 ya Sheria za Kanisa hulipatia Baraza la Maaskofu uwezo wa kuweka matendo ya huruma na namna nyingine za toba mahali pa kufunga au kujinyima, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Uwezo huo ni wao, wala si wa kila mmoja wetu jikoni kwake. Mgonjwa habanwi na sheria hiyo. Kwa hiyo, ikiwa kichwa chako kinauma kwa sababu ya maradhi, mweleze paroko wako na dhamiri yako itulie. Ikiwa ni kile kichwa cha saa nane mchana ambacho kila anayefunga anakifahamu (mimi mwenyewe tumezoeana nacho kwa miaka mingi), basi Ijumaa Kuu utafunga nacho. Katika siku nyingine za Kwaresima una uhuru mpana wa kuchagua namna yako ya kujinyima, na uamuzi wako wa kutoa vitu unaingia hapo vizuri kabisa.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Injili tunayosomewa Jumatano ya Majivu, sura ya sita ya Mathayo, inataja mambo matatu, nayo yanafuatana hivi: sadaka, sala, kufunga. Bwana hasemi "mkiamua kutoa". Anasema "utoapo sadaka", kana kwamba kutoa ni jambo lisilo na mjadala na kilichobaki ni namna tu. Unavyohesabu kitu kimoja kwa siku, umejiwekea nidhamu, na nidhamu ni njema. (Siku zenyewe, kwa njia, ukihesabu tangu Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni 46, zinakuwa 40 kwa kuziacha Jumapili, kwa hiyo usijilaumu ikiwa Jumapili hukutoa kitu.) Lakini katika barua yako yote nimesoma habari za magunia, za nafasi na za wepesi wako, na sikumwona mtu hata mmoja atakayevipokea vitu hivyo. Hilo ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Niliwahi kusaidia kuchambua nguo zilizoletwa na waamini kwa ajili ya maskini. Kulikuwa na viatu vya mguu mmoja, magauni yenye zipu zilizokufa, mashati yenye kola zilizoliwa, na sufuria moja iliyotoboka, ambayo hadi leo sielewi aliyeileta alitaka ipikiwe nini. Katikati ya rundo hilo nikakuta shati la mtoto limefuliwa, limepigwa pasi, na kifungo chake cha tatu kimeshonwa kwa uzi wa rangi tofauti kidogo na ule wa vifungo vingine. Kuna mtu aliyekaa chini na sindano, akatafuta uzi unaokaribiana, akashona kifungo cha shati ambalo mwanawe hatalivaa tena. Sikuhitaji kuambiwa kwamba mtu huyo alikuwa amemfikiria mtoto mwingine.

Maandiko yanaijua tofauti hii. Nabii Malaki, katika sura ya kwanza, anawakemea watu waliomletea Mungu wanyama vipofu na vilema, akiwauliza kama wangethubutu kumpelekea liwali wao zawadi ya namna hiyo. Naye mfalme Daudi, alipopewa bure uwanja wa kupuria pamoja na ng'ombe wa kutolea sadaka, alikataa na kuvinunua kwa shekeli 50 za fedha, akisema hatamtolea Bwana sadaka asiyoigharimia chochote. Pima gunia lako kwa kipimo hicho. Kile ulichokuwa ukikitupa hata kama Kwaresima isingekuwapo, kitupe, na ukiite usafi wa nyumba, ambao nao si dhambi. Kile kinachofaa kuvaliwa au kutumiwa, kifue, kikaze, kishone, kisha ukitoe.

Kuhusu kiasi, mababa wa Kanisa hawakuwa wapole. Mtakatifu Basili Mkuu, akihubiri juu ya yule tajiri wa Injili ya Luka aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, alisema kwamba mkate unaouhodhi ni wa mwenye njaa, vazi ulilofungia sandukuni ni la aliye uchi, na viatu vinavyooza kwako ni vya asiye na viatu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2446, inayakumbuka maneno ya Mtakatifu Yohane Krisostomo yenye maana hiyo hiyo: kutowashirikisha maskini mali yetu ni kuwaibia. Kwa mtazamo huu, sehemu kubwa ya magunia yako ni deni unalolipa, na mtu anayelipa deni hana sababu ya kujipongeza sana. Hata hivyo, Mtakatifu Thoma wa Akwino anatuwekea mpaka wa upande wa pili. Ziada tunawajibika kuitoa. Kile kinachohitajiwa ili wewe na wanaokutegemea muishi, kwa kawaida si halali kukitoa. Mtume Paulo naye anawaeleza Wakorinto kwamba hakusudii wengine wapate raha na wao wabaki katika dhiki, bali pawepo usawa. Kwa hiyo usitoe kitanda cha mwanao ili utimize siku ya thelathini.

Kuna jambo moja hukuliuliza, nami naona ndilo gumu kuliko yote. Magunia haya yakiondoka, nini kitaingia? Nafasi tupu kabatini ina tabia ya kumwita mwenye kabati sokoni. Papa Leo Mkuu, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 440 hadi 461, alihubiri zaidi ya mara moja nyakati za kufunga kwamba kile mfungaji anachojinyima kiwe riziki ya maskini, yaani kufunga na sadaka visitengane, kwa kuwa kimoja hukilisha kingine. Ndiyo maana ningekushauri ubadili kidogo utaratibu wako kwa siku zilizobaki: mpaka Pasaka usinunue nguo wala chombo ambacho huna shida nacho, na kila unaposhawishika kununua, weka kando fedha ile ile, uipeleke kwa mtu unayejua anaihitaji. Hapo utaonja njaa kidogo bila kichwa kuuma, na sadaka yako itatoka katika kujinyima kweli. Ikiwa utalazimika kuacha hesabu ya kitu kimoja kwa siku ili uwe na muda wa kukaa na mhitaji mmoja, ukamsikiliza, ukajua kwamba shida yake ni ada ya mtoto wala si blauzi, iache hesabu hiyo bila wasiwasi.

Wepesi unaousikia usiuogope, wala usiufanye kuwa shabaha. Paulo anasema katika Wakorinto wa Kwanza, sura ya 13, kwamba mtu anaweza kutoa mali zake zote kuwalisha maskini, na akikosa upendo isimfaidie kitu. Wengi hupunguza vitu ili wapate utulivu wao wenyewe, na huo ni utulivu halali, ila haujawa bado toba. Ukiuona wepesi huo unakufanya mwepesi pia wa kumwomba msamaha mume wako kwa habari ya koti, basi umekuja na neema.

Imebaki shali ya mama. Kushikamana na mali ambako Injili inakuonya ni kule kulikomfanya yule kijana tajiri aondoke kwa huzuni, mali yake ikiwa imesimama kati yake na Bwana aliyemwita. Sioni kwamba shali imesimama hapo. Mtakatifu Antoni wa Misri, aliposikia Injili hiyo ikisomwa kanisani, aliwapa wanakijiji shamba la urithi lenye ukubwa wa arura 300 (arura ni kipimo cha ardhi cha Misri ya kale), akauza vitu vingine na kuwapa maskini fedha, lakini alibakiza kidogo kwa ajili ya dada yake mdogo. Baadaye, aliposikia neno la kutojisumbua kwa ajili ya kesho, ndipo alipokitoa na hicho, baada ya kumkabidhi dada yake kwa mabikira waaminifu. Hata yeye hakutoa vyote siku moja, na wala si kila mmoja wetu ameitiwa njia yake. Kuwaombea marehemu ni mojawapo ya matendo ya huruma, na inaelekea shali hiyo ndiyo inayokukumbusha kulitenda. Kwa hiyo kesho ukiichukua tena, usiipeleke guniani. Ikunje, umwombee mama yako, uirudishe kabatini.