Tafuta saa ambayo hakuna anayekuuliza kitu

Kazi yangu ni kupitisha mizigo ya watu forodhani hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Ukisimama mlangoni petu unaiona foleni ya malori kutoka Mombasa, na mchana kutwa masikio hayapumziki: breki za upepo, vijana wa bodaboda, wabadilisha pesa, simu. Simu kuliko vyote. Zamani ukishafungia karatasi kabatini, kazi imelala. Tangu 2014, nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kukusanya ushuru kwa utaratibu mmoja, kodi ya mzigo wa Kampala hulipwa kabla kontena halijatoka bandarini, na mambo mengi hupita kwenye kompyuta. Ni jambo jema, malori hayakai tena mpakani kama zamani. Lakini kompyuta hailali, na mwenye mzigo anajua hailali, kwa hiyo hupiga hata saa 5 usiku.

Miaka michache iliyopita nilipindua tarakimu mbili kwenye namba ya sili, ile lakiri inayofunga mlango wa kontena. Lori likazuiwa siku 3. Dereva, mzee wa watu wa Mombasa, alitandika maboksi chini ya trela akalala hapo. Nilipokwenda kumwomba radhi hakunifokea. Alisema tu: “Mwanangu, namba ile nilikusomea mara mbili. Mara zote mbili ulikuwa ukiniitikia huku unaongea na mtu mwingine.”

Maneno hayo niliondoka nayo. Nilijiona mchapakazi kwa sababu nilimjibu kila mtu. Kumbe kujibu ni jambo moja na kusikia ni jingine.

Nikaanza kutafuta utulivu, na nilikosea mara kadhaa. Usiku nilikuwa nasinzia. Mchana msikitini simu inatetemeka mfukoni. Jumapili moja nilipanda Mwamba wa Tororo, ule unaouona ukiwa bado mbali barabarani, nikapanda zile ngazi hadi juu. Upepo mzuri, nchi yote iko chini yako. Lakini ni siku moja, na Jumatatu nilikuwa yuleyule. Nakushauri usingoje siku kubwa ya mapumziko. Tafuta kitu kidogo kinachorudi kila siku.

Mimi nilichagua muda kati ya swala ya alfajiri na jua kuchomoza. Huku kwetu karibu na ikweta muda huo hauhamihami: mwaka mzima, kuanzia kama saa 11 na nusu, unapata karibu saa nzima. Kama wewe si mtu wa swala, saa hiyo ni yako vilevile. Muhimu ni kuwaambia watu mapema. Niliwaeleza madereva na wateja kwamba hadi jua litoke sipatikani, mwenye dharura ampigie mwenzangu. Naye nampokelea simu zake usiku wa Jumamosi. Mteja mmoja alihama. Wengine walizoea katika wiki 2. Na simu isiwe kimya mfukoni, iwe chumba kingine kabisa, maana mkono unaifuata wenyewe.

Nina mkeka chini ya mwembe nyuma ya nyumba. Umande hudondoka kutoka kwenye majani, tone moja moja, unalisikia kila moja. Ng'ambo ya mto, upande wa Kenya, mbingu huanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sifanyi kingine chochote.

Wiki ya kwanza ni ngumu, nisikufiche. Ukinyamaza, yale uliyokuwa ukiyakimbia huja yote pamoja. Madeni yalikuja. Mama yangu alikuja, Mungu amrehemu, ambaye nilimzika Ijumaa na Jumatatu nikawa kazini. Nililia pale mkekani. Usiinuke yakija. Kaa nayo, yatapita yakishasikilizwa.

Baadaye nikajipa swali moja tu la kila siku: jana nilimjibu nani bila kumsikiliza? Nina daftari la kurasa 96, naandika jina, basi. Siku moja jina lilikuwa la binti yangu wa darasa la pili. Jana yake aliniambia jino linacheza, nikamwambia “vizuri, nenda kwa mama.” Alipoamka nikamwita anionyeshe. Alilisukuma kwa ulimi, akanieleza kwa kirefu lilivyoanza, kwenye muwa, wakati wa mapumziko, na nani aliona. Dakika 10 hivi. Habari ile alikuwa ameilalia usiku kucha.

Jina lililonichelewa zaidi lilikuwa la mke wangu. Miezi kadhaa nilikaa chini ya mwembe nikimsifu Mungu kwa utulivu, na utulivu ule alikuwa akiutengeneza yeye: amewasha jiko, amewazuia watoto wasinifuate. Aliniambia bila hasira, “Baba, wewe una mwembe. Mimi nina saa gani?” Ukisoma haya na nyumbani kuna mtu anayekulindia kimya chako, muulize kabla hajakuuliza.

Siku hizi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mkeka ni wake. Mimi nakoroga uji, natafuta soksi, nafunga vifungo vya sare. Kupitia dirisha la jiko namwona mgongo, ameegemea shina, kanga imefunika miguu. Mtoto akitaka kumkimbilia namshika mkono, namwambia bado, jua halijatoka.